Klipu za springi za kubana transista kwenye hitisinki: zipi ununue, zipi uziache

Fungua amplifaya ya gari, UPS au chaja kubwa ya betri iliyotengenezwa kwa uangalifu. Mara nyingi utakuta transista za nguvu hazina skrubu kwenye matundu yake. Zimelazwa kwenye hitisinki (kipande cha chuma cha kupozea) na kukandamizwa na kipande cha chuma cha springi kinachoegemea plastiki nyeusi. Moja ikiungua, mafundi wengi huifungua klipu, huitupa kwenye kopo la vyuma chakavu na kurudishia transista mpya kwa skrubu ya M3 (ya kipenyo cha milimita 3) na bushi ya kuitenga skrubu na chuma, wakiamini skrubu ndiyo inayobana kweli. Imani hiyo haina msingi, na bei ya klipu ni ndogo mno kuwa kisingizio. Ila si kila klipu inayouzwa inafaa. Tunazipitia aina nne, tukianza na ile tunayoipa alama za juu.

Kwanza tuelewe kinachobanwa. Kwenye umbo la TO-220, lile la kawaida la miguu mitatu na mgongo wa chuma, tundu la skrubu liko juu kabisa ya mgongo wa chuma, wakati chipu inayotoa joto iko chini zaidi, ndani ya plastiki, karibu milimita 8 kutoka katikati ya tundu. Skrubu kwa hiyo inabana mahali pasipo na joto. Ukiikaza kupita kiasi, ncha ya juu inazama, mgongo unapinda kidogo na upande wenye chipu unainuka. Huwezi kuuona mwinuko huo kwa macho, lakini grisi ya kupitishia joto inakuwa nene hapo hapo ulipotaka iwe nyembamba. Kwa skrubu ya M3 kwenye TO-220, mkazo wa nyutoni-mita 0.5 hadi 0.6 unatosha, na datashiti (karatasi za vipimo) za kiwanda cha International Rectifier, kwa mfano ya mosfeti ya IRFZ44N, zinataja 1.1 kuwa upeo. Mkono usio na kipimo hupita hapo bila kujua, hasa ukitumia bisibisi yenye mpini mnene.

Halafu kuna bushi. Mgongo wa mosfeti (aina ya transista) nyingi umeungana na mguu wa dreni, na wa transista za kawaida na mguu wa kolekta, yaani una umeme wa saketi, kwa hiyo skrubu lazima itengwe kwa bushi ya plastiki. Plastiki ya nailoni ikikaa kwenye joto chini ya mkazo hulegea polepole. Umeifunga vizuri leo, lakini baada ya miezi kadhaa ya kupata moto na kupoa skrubu haina tena nguvu uliyoipa, na hakuna dalili yoyote ya nje. Klipu haina tatizo hilo kwa sababu springi inaifuata pedi (kipande chembamba cha kuzuia umeme kati ya transista na hitisinki) inaposinyaa. Pedi ikipungua unene kwa sehemu ya kumi ya milimita, klipu inashuka nayo na kuendelea kubana kwa nguvu karibu ile ile.

Nguvu inayotakiwa kwa TO-220 au TO-247, umbo kubwa zaidi, ni kati ya nyutoni 20 na 50, yaani kama uzito wa kilo 2 hadi 5, ikitua katikati ya plastiki. Chini ya hapo mgusano ni hafifu na joto linakwama. Ukipita nyutoni 30 hivi faida ya kuongeza inakuwa ndogo, kwa hiyo klipu ngumu kupindukia haikuongezei kitu zaidi ya hatari ya kupasua plastiki.

Klipu haikuondolei haja ya grisi, na hili linasahaulika sana. Waraka wa zamani wa Motorola, AN1040, unatoa vipimo vya TO-220 vinavyofaa kukumbukwa. Chuma kwa chuma, ukinzani wa joto ni takribani digrii 1.2 kwa wati bila grisi na 1.0 ukipaka. Weka mika (kijikaratasi cha madini kinachozuia umeme) katikati bila grisi, unafika 3.4, paka grisi pande zote mbili za mika, unashuka hadi 1.6. Kwa transista inayotoa wati 20, tofauti kati ya mika kavu na mika yenye grisi ni digrii 36. Hakuna klipu duniani itakayokurudishia digrii 36.

Klipu ya skrubu pembeni

Hii ndiyo ya kununua. Ni bati la springi lililokunjwa, upande mmoja una tundu la skrubu ya M3 au M4 inayoingia kwenye hitisinki, upande wa pili una ncha inayotua juu ya transista. Skrubu haigusi transista hata kidogo, kwa hiyo bushi haihitajiki, na pedi au mika inaweza kuwa nzima bila tundu. Faida hiyo ni kubwa kwenye vifaa vya umeme wa ukutani. Volti 230 zikishanyooshwa na kuchujwa zinakuwa kama 325 za DC, na tundu la mika ndiyo njia ya kwanza ambayo vumbi na unyevu huitumia kuvusha umeme huo hadi kwenye hitisinki.

Uzuri mwingine ni kwamba nguvu ya klipu haitegemei mkono wako. Unakaza skrubu mpaka kitako cha klipu kilale sawasawa kwenye aluminiamu, basi. Nguvu imekwisha kuamuliwa na mkunjo wa bati na unene wa transista. Ndiyo maana unene huo unapaswa kulingana na ule ambao klipu ilitengenezewa. TO-220 ina unene wa karibu milimita 4.5, TO-247 milimita 5, na TO-126, umbo dogo zaidi, milimita 2.7 hivi. Klipu ya TO-220 ukiiweka juu ya TO-126 itagusa tu bila kubana. Kati ya TO-220 na TO-247 tatizo haliko sana kwenye unene bali kwenye urefu wa mkono. TO-247 ina kimo cha karibu milimita 21, na ncha ya klipu fupi inatua kwenye ukingo wa juu, mbali na chipu, kwa hiyo unarudi kwenye kasoro ile ile ya skrubu.

Kagua ncha yenyewe. Nzuri ina kiwimbi au kibonyeo cha mviringo kinachokaa juu ya plastiki. Mbaya ina ukingo uliokatwa, mkali, unaotoboa. Kisha angalia upinde. TO-220 ya kawaida ina chuma kitupu upande wa mbele pia, pale penye tundu, na chuma hicho ni dreni au kolekta. Klipu inayotokea juu lazima ipande juu ya chuma hicho kwa nafasi ya kutosha kabla ya kushuka kwenye plastiki. Kwa saketi ya volti 230, usikubali nafasi iliyo chini ya milimita 2.5, pale ambapo mtu anaweza kuigusa hitisinki, idai mara mbili yake. Klipu iliyofungwa upande ikagusa chuma hicho ni shoti kamili kati ya dreni na hitisinki, na pedi yako ya bei mbaya haitasaidia chochote. Transista za umbo lililofunikwa plastiki pande zote, zile za TO-220F, hazina hatari hii. Pale volteji na wati zinaporuhusu, ni chaguo tulivu zaidi.

Kuna transista ambazo hazikupi uchaguzi. Umbo la Super-247 halina tundu kabisa. Nafasi ya tundu imetumika kuweka chipu kubwa zaidi. Bila klipu au kipande cha chuma cha kukandamiza, haifungiki.

Klipu nyingi zinauzwa kwenye mfuko bila karatasi ya vipimo, hivyo pima mwenyewe. Funga klipu juu ya transista iliyokufa, ukitanguliza kipande chembamba cha karatasi chini ya ncha. Shika ncha kwa ndoano ya mizani ya kuning'iniza, ile ya dijitali ya kupimia mabegi ya safari, na uvute juu taratibu huku mwenzako akiivuta karatasi kidogo kidogo. Kilo zinazosomeka pale karatasi inapoachia ndizo nguvu ya klipu. Chini ya 2, rudisha dukani. Kati ya 3 na 5 ni nzuri. Ikizidi 6, tazama plastiki kwa kioo cha kukuzia kabla hujaiamini.

Toleo la mabawa mawili, skrubu katikati na transista kila upande, ni zuri kwa jozi za amplifaya. Lina sharti moja, kwamba transista zote mbili ziwe na unene sawa na pedi sawa. Ukibadilisha moja iliyoungua kwa nyingine ya kiwanda tofauti, inaweza kuzidi au kupungua sehemu mbili tatu za kumi ya milimita. Klipu inalala upande, moja inabanwa sana na nyingine inabaki na nguvu nusu. Ile yenye nguvu nusu ndiyo itakayoungua safari ijayo, na lawama zitakwenda kwa muuza transista. Badilisha jozi, au tumia klipu mbili za bawa moja.

Namna ya kuifunga

Kama hitisinki haina tundu mahali unapohitaji, M3 inataka drili ya milimita 2.5 na tapu (chombo cha kukata uzi wa skrubu) ya uzi wa 0.5, M4 inataka drili ya 3.3 na tapu ya 0.7. Kwenye aluminiamu, hakikisha uzi ulioshika hauko chini ya milimita 5 kwa M3, la sivyo utakwanguka mara ya pili au ya tatu ukifungua. Weka tone la mafuta kwenye tapu, rudi nyuma kila nusu mzunguko ili chembe zikatike. Kisha, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, toa ukingo uliovimba kuzunguka tundu kwa drili kubwa zaidi, unayoizungusha kwa vidole tu. Chembe moja ya aluminiamu chini ya mika inaitoboa mara klipu inapobana.

Safisha grisi ya zamani yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Grisi mpya iwe kidogo. Kiasi cha punje ya mchele kwa TO-220, mara mbili au tatu yake kwa TO-247, ikisambazwa mpaka rangi ya chuma ionekane kwa mbali. Mika inapakwa pande zote mbili. Pedi ya silikoni haipakwi grisi. Imetengenezwa ifanye kazi kavu, na grisi inaweza kuifanya iteleze chini ya klipu. Pedi izidi kingo za mgongo kwa milimita moja au zaidi kila upande.

Mpangilio wa kazi una maana. Ingiza miguu ya transista kwenye bodi bila kulehemu, bana kwa klipu, hakikisha imelala sawasawa, ndipo ulehemu. Ukilehemu kwanza halafu ukabana, mgongo unavutwa kuifuata hitisinki wakati miguu imeshikwa na bodi, na mvutano wote unakaa kwenye viungo vya lehemu na pale miguu inapoingia kwenye plastiki. Kila inapopata moto na kupoa, kiungo kinachezeshwa, hadi pete ya ufa itokee kuzunguka mguu. Kifaa kinachofanya kazi kikiwa baridi na kuzima kikipata moto mara nyingi kina ufa wa aina hii. Ikiwa miguu lazima ikunjwe, ishike kwa plaisi karibu na plastiki na ukunje sehemu iliyo nje ya plaisi, ili plastiki isibebe mkunjo.

Kabla ya kuwasha, pima kati ya mgongo na hitisinki. Mita ya kawaida ikisoma ukinzani mdogo, una shoti. Isiposoma kitu, umejua tu kwamba hakuna shoti ya wazi, kwa sababu betri yake haiwezi kufunua mika yenye ufa. Kwa kifaa cha umeme wa ukutani tumia kipima insulesheni cha volti 500, na ufanye hivyo kabla ya kulehemu, wakati miguu bado haijaungana na chochote. Ukisubiri bodi ikamilike, kipimo hicho kinaweza kuua vitu vingine.

Klipu ya kuchomeka kwenye mfereji

Kampuni kama Fischer Elektronik ya Ujerumani, na Aavid ya Marekani, iliyonunuliwa na Boyd mwaka 2018, zinatengeneza hitisinki zenye mfereji ambamo klipu inachomekwa bila skrubu. Ni haraka, ni safi, na nguvu ni ile ile kila mara. Kwa kiwanda, hakuna cha kulalamika. Kwa fundi wa matengenezo kuna kasoro mbili. Klipu ya mfereji mmoja kwa kawaida haishiki kwenye mfereji wa hitisinki nyingine, kwa hiyo kuinunua peke yake bila hitisinki yake ni kubahatisha. Na kuitoa kunataka bisibisi bapa inayosukumwa kwa nguvu juu ya bodi. Ikiteleza inakwangua nyaya za bodi. Weka kipande cha kadibodi ngumu chini ya mkono kabla ya kuanza, na ikitoka imepinda usiirudishe.

Klipu ya waya yenye umbo la Z

Hii inashika hitisinki juu ya chipu iliyolehemewa bapa kwenye bodi, hasa chipseti za kompyuta. Waya unapita kati ya mapezi ya hitisinki na kunasa kwenye vishikizo viwili vilivyolehemewa kwenye bodi, kona kwa kona. Klipu yenyewe haina neno. Udhaifu uko kwenye vishikizo. Lehemu ni metali laini. Chini ya mvutano usiokoma, tena karibu na joto, inavutika polepole kwa miaka mpaka kishikizo kinachomoka. Hitisinki inalala upande na kompyuta inaanza kuzima yenyewe.

Kishikizo kilichochomoka usikilehemu tena kama kilivyokuwa. Safisha matundu kwa waya wa kufyonzea lehemu, ingiza kishikizo, kunja ncha zake chini ya bodi ili chuma ndicho kibebe mvutano, kisha ulehemu. Matundu hayo mara nyingi yameungana na tabaka la grandi (shaba pana ndani ya bodi) linalonyonya joto, kwa hiyo pasi ya kulehemu ya wati 25 haitoshi. Tumia ya wati 60 au zaidi yenye ncha pana. Kiungo kilichoonekana kimeshika juu lakini lehemu haikushuka tunduni kitachomoka tena. Ukinunua vishikizo vipya, chagua vyenye miguu mirefu inayoweza kukunjwa. Vile vifupi vilivyonyooka havistahili hata bei yake ndogo.

Hitisinki ndogo ya kuvalisha

Ile ya umbo la U, nyeusi, inayosukumwa juu ya TO-220 na kujishikilia yenyewe kwa msuguano, ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo tunayoipa alama za chini kabisa. Si kwa sababu ni bandia, bali kwa sababu watu wanaipa kazi isiyoiweza. Ukinzani wake wa joto kwa kawaida ni digrii 20 hadi 25 kwa wati. Chukua 7805, regyuleta ya volti 5, inayoshusha volti 12 hadi 5 kwa nusu ampea. Volti 7 zinazopotea mara 0.5 ni wati 3.5. Zidisha kwa 24, ni digrii 84 juu ya hewa. Hewa ndani ya boksi ikiwa 35, hitisinki iko 119. Ongeza digrii 5 kwa kila wati kati ya chipu na mgongo, na chipu imefika 136, wakati mwisho wake ni 125. Joto likipanda zaidi ya hapo itajikinga kwa kujizima, mteja atasema kifaa kinakatakata, na utabadilisha 7805 bure. Itumie mpaka wati 1.5 au 2, si zaidi, na paka grisi hata hapo, maana mbano wake ni dhaifu. Usiivalishe kwenye mosfeti mbili zilizo jirani bila kupima nafasi, kwani bati lote lina umeme wa dreni.

Chuma chenyewe

Klipu bora ni za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 301, kilichokazwa kwa kuvingirishwa baridi. Za bei ya chini ni chuma cha kaboni kilichopakwa zinki. Bara, zinki inatosha. Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, kutu inaanzia kwenye kingo zilizokatwa ambako zinki ni nyembamba, na klipu iliyoliwa na kutu hupoteza nguvu kabla haijakatika. Usitegemee sumaku kuzitofautisha, kwa sababu 301 iliyokazwa hivyo nayo huvutwa na sumaku. Toa klipu moja kafara, iloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na utazame kingo asubuhi.

Kasoro mbaya zaidi ya zile za zinki haionekani kabisa. Wakati wa kupakwa, haidrojeni hupenya kwenye chuma kigumu, na kiwanda kisipozioka klipu baadaye kuitoa, zinakuwa dhaifu kwa ndani. Inafungwa vizuri, inapima kilo 4, na baada ya saa kadhaa au siku mbili inavunjika kwenye mkunjo bila kuguswa. Kwa hiyo ukipata mfuko mpya usiojulikana, funga tatu juu ya transista zilizokufa, ziache siku tatu au nne zikiwa zimebana, kabla hujaziweka kwenye kifaa cha mteja. Moja ikivunjika, mfuko mzima urudi.

Na usiikunje klipu kwa plaisi ili kuiongezea nguvu. Ama itapasuka kwenye mkunjo, ama itapita mpaka wa kunyumbulika na kurudi kubana kidogo kuliko mwanzo. Hilo linahusu pia zile za kuokota kwenye bodi mbovu, ambazo kwa kweli ni chanzo kizuri sana cha klipu za viwango. Linganisha ile uliyoitoa na mwenzake wa bodi hiyo hiyo kwa kuzilaza mezani; iliyolala chini zaidi imechoka. Ukienda kununua Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, beba transista na kipande cha hitisinki mkononi, jaribu kuifunga pale pale kaunta, na chukua ziada ya mbili au tatu kwa kila kumi.